Boga la Mwanatumu na Kilemba cha Bwana Shibe

Paukwa!

Pakawa!

Hizo ni sauti zenu au za vifaranga walionyeshewa? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Tuambie wewe!

Pakawa boga, na boga lile lilikuwa na neno. Basi sogeeni. Aliyekalia mguu wangu anyanyuke, maana ndio uliobaki mzima.

Hapo kale, katika mji wa Msunguti, alikuwapo msichana jina lake Mwanatumu. Baba yake aliitwa Bwana Vuai, mama yake Bi Riziki. Na mama yake alikuwa na kaka, Mjomba Kombo. Mjomba huyo alikuwa mtembezi, mwenye kipara na maneno mengi, na kila nchi aliyopita alijaribu kuposa. Mbona mnanitazama? Si mimi. Kipara changu kimeanzia mbele, chake kilianzia nyuma.

Mwanatumu alipokuwa mdogo, mjomba alimpakata akamwambia, "Mpwa wangu, dunia ina mambo. Kuna nchi ukiposa unaletewa kahawa. Ikiwa na sukari, umepata mke. Ikiwa na chumvi, tafuta viatu vyako. Na kuna nchi moja ya baridi, nilikwenda kuposa, wakaniletea boga kubwa. Nikasema, watu wakarimu hawa! Nikalipika, nikalila na maganda yake. Asubuhi nikarudi kuuliza siku ya harusi."

"Wakasemaje, mjomba?"

"Wakaniletea la pili."

Mwanatumu alicheka mpaka akaanguka mkekani. Kumbe katika nchi ile, boga maana yake ni hapana.

Lakini Msunguti hakukuwa na kahawa ya chumvi wala boga. Msunguti mwali aliulizwa mara tatu mbele ya wazee, na akinyamaza, basi ameridhia. Wazee walisema: kimya cha mwali ni ndiyo yake. Na kwa kuwa wanawali wote walikuwa na haya, wote walinyamaza, na wote wakaolewa.

Basi siku moja akaja mgeni na mshenga wake, Mzee Faki wa hapohapo mjini. Mgeni aliitwa Bwana Shibe. Mtu mzuri, kanzu nzuri, na kilemba kikubwa kichwani, kimezungushwa na kuzungushwa mpaka kikafika shingoni.

Mzee Faki akakohoa kama wakohoavyo washenga. "Bwana Vuai, tumekuja kuomba udugu."

"Karibuni. Wazee wa bwana wako wapi?"

"Hana baba, hana mama, hana shangazi."

Bi Riziki, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, akashtuka. Mtu asiye na shangazi! Ana raha zake mtu huyo, lakini utamuuliza nani habari zake? Ila watumishi walikuwa wameshaanza kuingiza majora ya hariri, na mbuzi wanalia uani, na midomo ya wenyeji ikawa mizito.

Bwana Vuai akasema, "Mimi nimekubali."

Bi Riziki akasema, "Na mimi nimekubali."

Mwanatumu akachungulia mlangoni. "Na mimi je?"

"Wewe utaulizwa siku yako," akasema baba yake. "Lete maji wageni wanawe."

Basi chakula kikaliwa. Baada ya kula, Bwana Vuai akamchukua Mzee Faki wakatazame mbuzi. Bwana Shibe akabaki peke yake na sinia la wali na nyama. Mwanatumu akaja na birika kwa nyuma, taratibu, miguu mitupu.

Akasikia sauti. Ndogo, nzito, kama mtu anayesema ndani ya mtungi.

"Na mimi je?"

Mwanatumu akasimama.

Bwana Shibe akachukua paja la mbuzi, akalipeleka kisogoni, akaliingiza chini ya kilemba. Kruu! Kruu! Mfupa ukavunjika.

"Hii haitoshi," ikasema sauti ile. "Mke wa safari ile ulianza wewe, ukaniachia vidole. Huyu naanza mimi."

"Nyamaza," akasema Bwana Shibe kwa kinywa cha mbele. "Utaanza wewe. Tukimtoa tu mji huu, utaanza wewe."

Watoto, zimwi! Zimwi la vinywa viwili, kimoja cha kuposea na kimoja cha kulia!

Mwanatumu akarudi nyuma hatua moja. Lakini sinia lilikuwa la shaba, limesuguliwa likang'aa, na Bwana Shibe akamwona humo kama kwenye kioo. Hakugeuka. Akatabasamu tu ndani ya sinia.

"Mchumba wangu ana macho mazuri," akasema. "Tutaona kama na kinywa pia."

Mwanatumu akatupa birika, akakimbia mbio mpaka jikoni. Huko mama yake alikuwa ameshika bakuli lenye kitambaa chekundu.

"Mama! Mama, yule mtu ana..."

"Onja kwanza!" Bi Riziki akamtia tonge mdomoni. "Halua ya mchumba wako, imeletwa ya bibi harusi peke yake. Tamu?"

Ilikuwa tamu. Tamu, nzito, yenye kunata. Ikashika meno, ikashika ulimi, ikashika midomo. Mwanatumu akauvuta mdomo, haukufunguka. Akavuta tena, haukufunguka. Akavuta kwa vidole vyote, haukufunguka.

Akaonyesha mdomo wake. Mama akasema, "Unataka nyingine? Ngoja, usiwe mlafi."

Akaonyesha kisogo chake. Mama akasema, "Kichwa kinauma? Hayo ni mawazo ya harusi."

Akalia. Mama akasema, "Hata mimi nililia." Akamkumbatia, maskini, kwa upendo wote, naye hajui kwamba huenda ni mara ya mwisho.

Huko barazani Bwana Shibe alikuwa na haraka. "Safari yangu ndefu," akasema. "Binti aulizwe kesho alasiri, na kesho hiyohiyo niondoke naye."

"Mbona mbiombio hivyo?" akauliza Bwana Vuai.

"Mapenzi, baba mkwe."

Usiku kucha mdomo haukufunguka, na waliomwona kimya wakasema ni haya za mwali. Basi ikafika alasiri ya siku ya pili. Wazee wakakaa mkekani. Wanawake wakajaa uani, vigelegele vimewajaa vifuani vinangoja kutoka. Mjomba Kombo naye akaletewa habari, akafika akihema, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa nyuma kabisa karibu na viatu. Kama mimi, watu walizoea kumkalisha karibu na viatu.

Mwanatumu akaletwa mlangoni amefunikwa uso kwa ukaya, kitambaa chembamba cha mwali. Bwana Vuai akauliza, "Mwanangu, unamridhia Bwana Shibe?"

Kimya.

"Amekubali mara moja!" wakasema wazee.

Mwanatumu akatikisa kichwa ndani ya ukaya. Wanawake wakasema, "Tazameni, anatetemeka kwa haya!"

"Mwanangu, unamridhia Bwana Shibe?"

Kimya.

"Amekubali mara mbili!" wakasema wazee.

Nyuma ya kichwa cha Bwana Shibe kilemba kikacheza kidogo, kama jani lenye panzi chini yake. Hakuna aliyekiona ila Mwanatumu. Likabaki ulizo moja. Likipita hilo, atatolewa mlangoni, na barabara ya kuondokea Msunguti haina nyumba.

Hapo Mwanatumu akamwona mjomba wake kule nyuma, kipara kinang'aa.

Akageuka, akakimbilia jikoni.

"Anakwenda wapi?" wakaulizana watu.

Akarudi amekumbatia boga. Boga kubwa la mama yake, lililowekwa lipikwe kwa nazi. Akapita katikati ya wazee, jambo ambalo mwali hafanyi, akaliweka mbele ya miguu ya Bwana Shibe. Ti!

Watu wakaangua kicheko.

"Huyu ni mke kweli! Hajaolewa, ameshaanza kumpikia!"

"Ameona mume ana njaa!"

Bwana Vuai naye akacheka, akauliza mara ya tatu, "Mwanangu, unamridhia Bwana Shibe?"

Kimya.

"Amekubali mara tatu!" Vigelegele vikapasuka.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mjomba Kombo alikuwa amelikodolea macho boga lile. Mtu aliyewahi kupewa boga halisahau. Akasimama.

"Ngojeni! Mpwa wangu amekataa."

"Amekataa na nini? Hakusema neno."

"Amekataa na boga."

Wakacheka upya. Mzee Faki akasema, "Kombo, hayo ni ya huko ulikokula maganda. Hapa ni Msunguti. Hapa kimya ni ndiyo."

"Kweli," wakasema wazee. "Mila ni mila."

Mjomba Kombo akamtazama Mwanatumu. Mwanatumu akainua mkono, akaonyesha kilemba cha Bwana Shibe. Kisha akashika kisogo chake mwenyewe. Mjomba hakuelewa yote, lakini alielewa nusu, na nusu ilimtosha.

"Sawa," akasema. "Mila ni mila. Basi na mimi nina yangu. Mahari yametoka?"

"Yametoka."

"Mkaja wa mama, haki yake ya kumzaa, umetoka?"

"Umetoka."

"Na kilemba cha mjomba?"

Wazee wakamgeukia Bwana Shibe. Maana mnajua, watoto, katika mila zetu mjomba ana haki yake, na haki hiyo inaitwa kilemba. Mjomba asipopewa kilemba, mwali havuki mlango. Na katika haraka ile, mjomba alikuwa amesahauliwa. Wajomba tunasahauliwa sana.

Bwana Shibe akacheka. "Mleteeni mjomba kilemba."

Likaletwa jora la hariri.

"Si hiki," akasema Mjomba Kombo.

Likaletwa jora la nyuzi za dhahabu.

"Si hiki."

"Unataka kipi, mzee?"

"Nakitaka hicho ulichokivaa."

Bwana Shibe akaacha kucheka. "Hiki nimekirithi."

"Kwa nani? Huna baba."

Mkekani kukawa kimya, na kimya hicho hakuna aliyekiita ndiyo. Wazee wakaanza kutazamana. Mzee Faki akanong'ona, "Bwana, mpe tu. Ni kitambaa."

"Siwezi."

Na hapo, kutoka kisogoni, sauti ndogo nzito ikasema mbele ya watu wote, "Nasikia harufu ya boga. Na mimi je?"

Bwana Shibe akaruka kumshika Mwanatumu mkono amvute nje. Mjomba Kombo, mtu wa tumbo na kipara, akajirusha kama kipanga, akaukamata mwisho wa kilemba. Bwana Shibe akavuta mbele, mjomba akavuta nyuma, kilemba kikazunguka, kikazunguka, kikazunguka, mpaka kikaisha.

Kisogo kikabaki wazi. Kina mdomo. Mdomo mpana kama wa chungu, meno safu mbili, na kati ya meno umekwama kikuku cha mwanamke.

Vigelegele vikageuka mayowe. Wazee wakakimbia na kuacha viatu, na Mzee Faki akakimbia na viatu visivyo vyake. Kinywa cha nyuma kikapanuka, kikasema, "Naanza mimi! Naanza mimi! Naanza..."

Mwanatumu hakukimbia. Akainama, akalinyanyua boga lake kwa mkono mmoja uliokuwa huru na goti, akalisukuma lote katika kinywa kile. Gubu!

Likaingia. Halikushuka, halikutoka. Zimwi likamwachia mkono, likashika kisogo, likazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, likatoka mlangoni, likaishika barabara isiyo na nyumba, na mpaka leo halijarudi.

Na uchawi wa halua ya zimwi ndivyo ulivyokuwa: kinywa kwa kinywa. Chake kilipozibwa, cha Mwanatumu kikazibuka. Halua ikayeyuka ulimini, ikawa maji.

Bwana Vuai alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. "Mwanangu," akasema, "nilikuuliza mara tatu."

"Uliniuliza kinywa kikiwa kimefungwa, baba. Kilipokuwa wazi nilikuuliza neno moja."

"Neno gani?"

"Na mimi je?"

Bi Riziki akalichukua bakuli la kitambaa chekundu, akaenda kulitupa shimoni, bakuli na kitambaa na halua.

Tangu siku ile, Msunguti wakabadilisha mila. Mwali haulizwi ila kwa sauti, na hajibu ila kwa sauti, na pembeni yake huwekwa boga, ikiwa ulimi umeshindwa.

Miaka ikapita, akaja kijana mmoja, fundi wa kusuka mikeka, na mashangazi zake wanne wenye makelele. Mwanatumu akaulizwa. Hakuligusa boga. Akasema wazi, mpaka wa uani wakasikia, "Nimekubali. Lakini kwanza vua kofia, nione kisogo."

Na Mjomba Kombo? Kilemba kile alikiosha mara saba, akakivaa. Kilimpendeza. Akaendelea kutembea nchi na nchi, akiposa.

Sasa fundisho, mlishike: kimya si ndiyo. Ukimwuliza mtu, hakikisha kwanza kinywa chake kiko wazi, kisha ngoja asikike mwenyewe.

Hadithi yangu imefika mlangoni na kuvua viatu, inaishia hapo. Aliyeipenda ailee, asiyeipenda aniazime yake.

Haya, kanaweni mikono. Chakula cha leo ni boga. Na msiniulize nimepewa wapi.