Kibao cha Mwalimu Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni kitako. Leo nina hasira, msinikatize.

Hapo kale Fisi alikwenda mjini, akazunguka majalalani siku saba, akarudi na Kiingereza. Akawakusanya wanyama wa mlimani.

"Wageni wanakuja kututazama, nanyi hamjui hata kuwaamkia! Njooni kwangu. Asubuhi maneno matano, jioni marudio."

Akawaonyesha kibao chenye kamba. "Tukishaanza, atakayesema Kiswahili darasani atakivaa shingoni. Atakivua akimnasa mwenzake. Atakayebaki nacho jua likizama, chakula chote cha nyumba yake kinachukuliwa. Sheria haina mkubwa. Hata mimi!" Akacheka, kwe kwe kwe.

Basi wakasoma. Gudi moningi. Sidauni. Tenkyu. Jumatatu kibao kikamshika Digidigi, Fisi akabeba. Jumanne kikamshika Ngiri, Fisi akabeba. Marafiki wakaanza kuviziana midomo. Uchawi gani huo!

Jumatano asubuhi, mtoto wa Bi Pimbi akateleza jiweni pale darasani, pu! "Mama wee, nimeumia!" Goti linavuja damu. Fisi hakulitazama goti. Alimvika kibao.

Bi Pimbi alimkimbilia mwanawe. Mtoto anamlilia mamake, anafungwa kamba kama mbuzi wa mnadani! Na nyumbani palikuwa na kapu moja tu la zambarau kavu, la kuvukia kiangazi. Likienda hilo, wanawe wanne hawana kitu. Akamvua mtoto kibao, akakivaa mwenyewe, akafyata ulimi. Fisi hakujali, kapu ni lile lile.

Mchana Bi Pimbi akaokota mfupa wenye mafuta, akauficha chini ya majani ya kiti cha mwalimu. Siafu wakaja. Wakaja wengine. Wakaja na ndugu zao.

Jioni Fisi akafika na gunia tupu la kubebea zambarau. Akanusa. Pua ikamvuta, matako yakafuata, akaketi pwata! Mkono ukaingia majanini kupapasa mfupa.

"Gudi ivining," akasema. Akatoa macho. Akaruka juu.

"Mama weee! Nakufa! Nitoeni siafu jamani, wananimaliza!"

Bi Pimbi akasogea, akavua kibao, akamvika mwalimu shingoni.

"Tenkyu, ticha," akasema.

Jua likazama. Wanyama wakaenda nyumbani kwa Fisi, wakabeba kila kilichokuwamo, hata mifupa aliyoibakiza kwa kifungua kinywa. Sheria haina mkubwa.

Toka siku hiyo Fisi anazunguka mlimani akitafuta mmoja tu wa kumnasa. Anamkanyaga Ngiri mguu kusudi, anamvuta Digidigi mkia. Na kila anayekutana naye anainama kwa adabu: "Gudi moningi, ticha." Kibao kiko shingoni mpaka leo, na kamba imemchuna manyoya.

Hadithi yangu imefika mwisho wake. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi.

Funzo? Someni Kiingereza kila siku, wanangu, kidogo kidogo, na Kiswahili mkiache kabisa. Na siku mkiumia, msilie. Ngojeni kwanza somo la kulia kwa Kiingereza lifike.