Bi Kindi na Kaburi Refu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mashamba yao na milango ya kufunga jioni, palikuwa na mfereji ulioteremsha maji kutoka mlimani. Ulipita kwa Tembo, ukapita kwa Nyati, ukapita kwa Twiga, na mwisho kabisa ukafika kwa Bi Kindi, mjane mdogo.

Mumewe ndiye aliyekuwa akizoa tope la mfereji ule, peke yake. Homa ikamchukua. Tope likajaa chini ya shamba la Twiga, maji yakakwama. Maharage ya Bi Kindi yalikuwa yametoa maua, na maua yakaanza kudondoka. Bila maharage yale, watoto wake wangelala njaa.

Akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Mfereji umeziba. Naomba jembe lako."

"Kwangu maji yanafika," akasema Tembo, akitafuna ndizi. "Wa chini ajijue."

Nyati akamwambia, "Nitakuja kesho, shemeji."

"Kesho ipi?"

"Kesho yoyote!"

Naye Twiga akacheka. "Shingo hii iiname matopeni? We Kindi nawe!"

Bi Kindi akarudi nyumbani, akapiga magoti. "Mungu wangu, aliyekuwa na mikono umemchukua. Jina lako lihimidiwe. Basi mimi nipe akili."

Alipoinuka, macho yake yakatua kwenye kaburi la mumewe. Lilichimbwa vizuri, kingo zimenyooka. Akakumbuka waliolichimba: Tembo, Nyati na Twiga. Walisikia kilio, wakaja mbio na majembe begani, hakuna aliyeitwa mara mbili.

"Kumbe majembe wanayo," akasema polepole. "Na mbio wanazo."

Asubuhi akaenda penye tope, akajifunika kanga, akaangua kilio. Hakuwa akiigiza. Kilio alikuwa nacho, alikuwa amekifungia tu.

"Uuuwi! Uuuwi!"

Tifu, tifu, tifu! Wakaja wote, majembe begani. Katika nchi ile mfiwa hakuulizwa maswali. Aliponyoosha mkono, hapo ndipo palipochimbwa. Bi Kindi akanyoosha mkono kwenye tope.

Majembe yakalia, kwa! kwa! kwa!

"Pole, shemeji," akasema Nyati. "Tuishie wapi?"

Mkono ukaonyesha mpera ulioko mbali kule.

"Mpaka mperani?"

Bi Kindi akalia zaidi. Wakachimba mpaka mperani. Mkono ukaonyesha mbele tena, mpaka kwenye maharage yake.

Nyati akanong'ona, "Tembo, kaburi gani hili refu? Amekufa Twiga?"

"Nimekufaje, nami ndiye ninayekuzolea udongo?" akafoka Twiga.

"Basi ni Chatu," akasema Tembo.

"Masikini Chatu!" akasema Nyati. "Alikuwa mtu wa watu."

"Si ndiye aliyemmeza binamu yako?"

"Marehemu hasemwi vibaya. Chimba!"

Wakachimba mpaka jasho likawatiririka. Walipofika ukingoni mwa maharage, kichwa kikachomoza vichakani. Alikuwa Chatu mwenyewe.

"Poleni, jamani. Nani amekufa?"

Majembe yakasimama. Lakini bonge la mwisho la tope kule juu, lililozuia maji, lilikuwa limeshalegea. Pu! Bwaaa! Maji yakaja kwa kishindo, yakamkalisha Nyati chini, yakapita, yakaingia katikati ya maharage.

Bi Kindi akafuta machozi.

"Umetudanganya!" akanguruma Tembo. "Maiti yuko wapi?"

"Babu, mimi sikusema neno. Nimelia, nanyi mmekuja. Mume wangu alipokuwa hai aliwaomba majembe haya haya, hamkuja. Alipokufa mkaja wote, mkamchimbia vizuri mno. Nikasema, nisingoje mpaka wanangu nao wachimbiwe."

Maji yakapita churuchuru kwenye mizizi.

Twiga akainama, shingo yote, akaokota tope lililobaki njiani. Tembo akarudisha jembe begani, akaondoka bila kuaga. Lakini hakwenda kwake. Alipanda juu, kule mfereji unakoanzia. Muda si muda wakasikia, kwa! kwa! kwa!

"Nani amekufa tena?" akauliza Nyati, angali amekaa majini.

"Hakuna, shemeji," akasema Bi Kindi. "Inuka."

Hapo ndipo ninapowaachia, wanangu: jirani mpelekee jembe angali anapumua.