Mlio Nyuma ya Fidla

Isome taratibu hadi mwisho kabla hujamtumia mwenzako. Si ya kuchekesha, wala haikupakwa asali.

Palikuwa na mtu Tanga aliyeitwa Mbwana. Kazi yake ilikuwa kurekodi taarabu za harusini, na masikio yake yalisifika pwani nzima. Ukimpelekea spika, atakuambia inakoroma wapi. Ukimpelekea redio, atakuambia fundi wa mwisho alilipua. Na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno: kibovu alikiita kibovu mbele ya mwenyewe, anayenuna na anune.

Mbwana aliishi na dada yake, Mwanahawa, pamoja na mama yao, Bi Mwanakombo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mama huyo upande mmoja wa mwili na ulimi wote. Kwa kuwa hakuweza tena kuita, wanawe walimwekea kikombe cha bati na kijiko karibu na mkono uliobaki mzima. Akihitaji kitu, hugonga. Ti, ti, ti. Aliye karibu huitika, "Labeka, Mama," kisha ndipo huinuka.

Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile tangu wakiwa wadogo. Bi Mwanakombo hakuwa mtu wa kuchapa ovyo, lakini mtoto aliyekuja mbio bila kuitika alirudishwa alikotoka, aitike kwanza. Alikuwa akiwaambia, "Labeka hufika kabla ya miguu. Mtu akishaisikia, anaweza kusubiri."

Basi siku moja mfanyabiashara wa Dar es Salaam alimpelekea Mbwana hedifoni mbili azilinganishe. Hazikuwa hizi za kuchomeka zinazouzwa stendi. Zilikuwa zile kubwa za kufunika sikio zima, ambazo bei ya moja inakupa pikipiki. Moja ilikuwa ya chuma, nyingine ya mbao. Zote zilikuwa na mgongo wazi, yaani nyuma hazikuzibwa, bali zilitiwa wavu, sauti iingie na kutoka kama hewa dirishani. Ndiyo maana, wasema wanaozijua, muziki wake haukusongi kichwani. Unatandazika mbele yako kama umeketi ukumbini.

Wapenzi wa muziki waliokuwa na kundi lao kwenye simu walikuwa wanangoja neno la Mbwana. Angesema chuma, wangenunua chuma. Angesema mbao, mbao.

Alasiri hiyo Mwanahawa alikuwa anatoka kufuata dawa za mama. Alipoyaona yale madude mezani, alisita mlangoni.

"Kaka, leo utamsikia Mama kweli?"

"Hawa, hizi hazizibi masikio," Mbwana alijibu, na kwa ukali kidogo, maana hakupenda masikio yake yatiliwe shaka. "Sindano ikianguka chumbani kwake nitaisikia. Wewe nenda."

Na hakusema uongo. Lishike hilo.

Alichagua rekodi ya harusi moja ya zamani, aliyoirekodi mwenyewe ujanani na kuijua kama njia ya msikitini. Akaanza na ya chuma. Nyuzi za ganuni zikatiririka safi, tari likasikika kila kisahani, lakini fidla zilikwaruza. Akaivua, akavaa ya mbao. Hapo fidla zikalainika. Mwimbaji akasogea karibu hadi Mbwana akamsikia anavuta pumzi. Akafumba macho.

Ndipo alipousikia. Nyuma ya fidla, mbali, upande wa kulia, mlio mdogo wa chuma. Ti, ti, ti.

Mbwana akatabasamu. Miaka yote ile hakuwahi kuusikia. Wimbo ukaenda, mlio ukarudi tena, mdogo zaidi. Kisha ukaja mara ya mwisho, mmoja mmoja, umelegea, kama mpigaji anayeuzuia mkono asimfunike mwimbaji. Mbwana akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu ni fundi," alisema peke yake.

Wimbo ulipokwisha alichukua simu, akawatumia wenzake ujumbe wa sauti. Ya mbao imeshinda, aliwaambia. Nyuma ya fidla kuna mtu anagonga chuma kidogo, taratibu, kwa adabu, na mwishoni anaulegeza mkono kwa ustadi usio na mfano. Ya chuma ilimficha. Ya mbao imemtoa.

Sifa zikamiminika. Lakini mmoja hakusifu. Huyo alikuwa Nassoro, aliyepiga tari siku ile ya harusi, naye akampigia simu.

"Mbwana, chuma chetu siku ile kilikuwa visahani vya tari langu tu. Huyo mgongaji umemtoa wapi?"

"Umezeeka, somo. Mlikuwa naye, umesahau."

"Mimi nimezeeka, sawa. Na wewe masikio yako yameanza kuota ndoto."

Hasira zikampanda Mbwana. Akaivaa tena ile ya mbao, akaurudisha wimbo mwanzo, akaisogeza simu kwenye wavu wa hedifoni ili Nassoro naye asikie kwa masikio yake. Fidla zikaja. Pumzi ya mwimbaji ikaja. Akangoja mahali pale.

Hakuna mlio.

Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena, vidole vimekaza simu. Ganuni, fidla, tari, mwimbaji. Basi.

Upande wa kulia, aliwaza. Ulikuwa unatoka kulia. Akageuza shingo polepole. Kulia kwake hapakuwa na ukumbi wa harusi. Palikuwa na mlango wa chumba cha mama yake.

Akaivua. Nyumba ilikuwa kimya.

"Labeka, Mama," alisema. Akasema tena kwa nguvu, huku anakimbia, "Labeka, Mama!"

Bi Mwanakombo alikuwa amelalia ukingo wa kitanda, nusu ya mwili inaning'inia. Kijiko kilikuwa bado mkononi. Alimtazama mwanawe kitambo, kisha akafumba macho.

Alifia hospitali kabla ya adhana ya alfajiri. Daktari alisema kiharusi kilikuwa kimempiga mara ya pili, na kwamba hata angewahiwa, pengine asingepona. Pengine. Hilo hakuna mja anayelijua, na anayedai kulijua anajidanganya.

Msibani, Mwanahawa alikuja akaketi mbele ya kaka yake. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kaka, niambie. Hukumsikia?"

Kabla Mbwana hajafungua kinywa, shangazi yao alimjibia. "Angesikiaje, mwanangu, na madude yale masikioni? Ni kudra ya Mungu." Waliokuwa karibu wakaitikia kwa vichwa. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wamemfungulia mlango, na Mbwana hakutakiwa kusema lolote ili apite. Kunyamaza tu kungetosha.

Alimtazama dada yake.

"Nilimsikia, Hawa. Hazizibi, nilikuambia. Nilimsikia tangu mlio wa kwanza hadi wa mwisho. Nikamsifu. Sikumwitikia."

Mwanahawa alijifunika uso kwa kanga, akainuka, akaenda kukaa kwingine. Hakumsamehe siku ile.

Baada ya kuanua matanga, yule mfanyabiashara alimpigia simu. Akampa pole, akaomba radhi, kisha akasema kinachomkera. Kule kwenye kundi ubishi haujaisha. Watu wanasema hedifoni ya mbao ni ya uongo, inaongeza sauti zisizokuwapo, na hawaitaki tena. Je, bado anasimama na neno lake?



"Waambie ya mbao ni ya kweli," Mbwana alisema. "Haikuongeza kitu. Wala haikunificha kitu."

Funzo: Kusikia si kuitika. Anayekuita hataki uisifu sauti yake. Anataka labeka yako, angali na nguvu ya kuisikia.