Kobe wa Maonyesho

Hakuna kobe aliyegongwagongwa gamba kama yule wa maonyesho ya wakulima. Siku ya tatu hiyo, kichwa ki ndani na hajala kitu. Tunu, mlishaji wake, aliomba kobe apumzishwe.

"Watu wamekuja kumgusa," alifoka Bwana Kihwele, mwenye banda. "Shika kipaza sauti uwavute, la sivyo huna kazi."

"Sawa, bosi." Tunu akatangaza: "Karibuni! Kobe huyu humtolea kichwa mtu asiyewahi kuiba. Mwizi akimgusa, kichwa hakitoki ng'o! Nani aanze?"

Umati ukarudi nyuma.

"Basi wafungulie njia wewe, bosi."

"Mimi? Nimechelewa kikao," alisema Kihwele, akitazama mkono usio na saa.

Banda likabaki tupu. Kobe akatoa kichwa, akala mchicha mkononi mwa Tunu.