Blogu Iliyorudi Bila Maoni

Wapendwa, mfikirieni mwanamke mmoja aliyejifungua mtoto njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Mtoto alipopata nguvu, yule mama alifungua blogu kwenye mtandao, akawa anawaandikia wenzake waliopatwa na hali ile. Namna ya kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Namna ya kukamua maziwa wakati mikono inatetemeka. Aliandika karibu kila Jumamosi, mtoto akiwa amelala, kwa muda wa miaka minne.

Sasa, blogu haielei hewani. Inapangiwa nafasi kwenye kompyuta kubwa za kampuni fulani, kama mtu anavyopanga chumba. Siku moja kompyuta hizo ziliharibika, na kampuni ikamwandikia maneno mafupi: tunasikitika, vyote vilivyokuwamo vimepotea.

Yule mama hakulia. Alie kwa nini? Kila mwisho wa mwezi alikuwa ananakili blogu yake kwenye flashi, na flashi hiyo aliiweka kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Akapanga nafasi kwa kampuni nyingine, akachomeka flashi, akafuata maelekezo polepole. Kufikia adhuhuri makala zote zilikuwa zimerudi, mia na tisini na tatu, na picha zake.

"Kumbe ndiyo maana uliichukua flashi yangu ya nyimbo," mumewe akamwambia.

"Nyimbo zenyewe unaziimba vibaya, baba watoto. Nimewaokoa majirani."

Siku hiyo walipika pilau.

Kesho yake ukaja ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja. "Shikamoo dada. Mdogo wangu amejifungua njiti, leo siku ya tano. Hataki kumshika wala kumpa jina, anasema asije akamzoea. Kuna kitu nilikisoma kwako nataka akisome. Sikioni."

"Marahaba. Poleni sana," akajibu, akamtumia makala yake aliyoipenda kuliko zote, ile ya kumshika mtoto.

Jibu likarudi upesi. "Hii naijua dada, ni nzuri. Lakini siyo hii. Namtafuta yule mama aliyeandika huku chini, aliyeogopa kumpa mwanawe jina."

Huku chini. Akafungua makala, akashuka hadi pale wasomaji wanapoacha maoni yao. Maoni: sifuri. Akafungua nyingine. Sifuri. Zote mia na tisini na tatu zilikuwa zimerudi na sauti moja tu, yake.

Hapo akakumbuka. Mwaka ule wa kwanza, wakati wa kunakili, kompyuta ilimuuliza anataka kuhifadhi nini: makala, picha, au maoni? Maoni yalikuwa mengi, na yalikula bando. Akaondoa tiki kwenye maoni. Yangu yatatosha, alijisemea, na tangu siku hiyo hakuirudisha ile tiki.

Alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alikuwa na bando la wiki na mtoto mgongoni. Nani kati yetu asingefanya hivyo?

Alijaribu kuyakumbuka maneno ya yule mama. Alikumbuka tu kwamba yalikuwa mazuri.

"Si utunge ya kufanana nayo?" mumewe akauliza.

"Nimtungie mtu aliye wodini? Siwezi."

Mumewe akamwambia, "Basi waulize waliosoma."

Akaandika kwenye blogu: aliyewahi kusoma neno lolote hapa akalitunza, naomba anirudishie.

Ndugu zangu, watu wanatunza. Mmoja alituma picha ya nyuma ya kadi ya kliniki, amenakili kwa kalamu nyekundu. Mwingine, asiyejua kuandika vizuri, alituma sauti; alikuwa ameyashika maneno ya mtu asiyemjua kwa miaka miwili. Siku ya pili, mfanyakazi wa usafi wa hospitali moja akatuma picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha kukamulia maziwa. "Hii tunayo siku nyingi mama. Sijui kama inatoka kwako."

Karatasi ilisema hivi: "Wangu alizaliwa na gramu mia tisa. Sikumpa jina kwa woga. Siku ya sita muuguzi akaniuliza, huyu akilia nimwite nani? Nikampa jina palepale. Sasa yuko darasa la pili na anaficha viatu vyangu."

Akaituma wodini hata kabla ya kuketi. Alasiri jibu likaja, mstari mmoja: "Amemshika. Anaitwa Tumsifu."

Baada ya hapo akakaa kuyaandika maoni upya, moja moja, kila moja chini ya makala yake. Yalifika sitini na mawili. Alipomaliza akayapitia tena yote aliyotumiwa, sasa akitafuta sentensi moja tu aliyoiandika yeye, ambayo mtu ameitunza. Hakuiona. Kilichonakiliwa kwa mkono, kilichobandikwa mlangoni, kilichoshikwa kichwani, chote kilikuwa kile alichokiondolea tiki. Yeye alitandika mkeka. Waliokaa juu yake ndio walioshikana mikono.

Na sisi je? Tukisimama kushuhudia, tunasemaje? Niliomba. Nilifunga. Nilivumilia, nikavuka. Makala zetu zipo zote, na picha zake. Lakini yuko wapi jirani aliyefua nepi zako bila kuambiwa? Yuko wapi yule aliyekupisha kwenye foleni ya daktari, ukaingia bila hata kumwangalia usoni? Hatukuwachukia. Tulikuwa na haraka, mzigo ulikuwa mzito, tukasema ya kwetu yatatosha. Ndipo anapokuja mtu mwenye siku tano za uchungu, anatuomba neno, nasi tunampa habari zetu wenyewe. Habari hizo hazimwinui, kwa sababu aliyetuinua sisi tumeshamfuta.

Kabla hatujasimama kuomba, mkumbuke mmoja aliyekuinua. Mungu anamjua, huna haja ya kumtajia. Mgeukie aliyekaa karibu nawe, umwambie yeye jina la huyo uliyemkumbuka.