Kilima Kinachoitwa Nakuja

Baba zangu na mama zangu, kulikuwa na kilima kimoja kilichosimama peke yake katikati ya mbuga, kama jino la mwisho kinywani mwa kikongwe. Kiliitwa Nakuja. Wachunga mbuzi walipenda kukipigia kelele, "Nakuja!" nacho kikawarudishia sauti, wakacheka.

Bibi harusi mmoja, mgeni wa kijiji kile, naye alilipenda jina hilo. Alidhani ni jina la ukarimu. Lakini alipomuuliza mama mkwe wake lilitoka wapi, mama aligeuza uso. "Koroga uji huo, mwanangu, usije ukaungua."

Siku moja bibi harusi alipanda kilimani kuokota kuni. Jiwe likaporomoka, likambana mguu. Akavuta, wapi! Akaita mpaka akamwona mumewe anapita chini na baiskeli.

"Mume wangu wee! Nimebanwa na jiwe!"

"Nakuja!" mume akajibu, akapunga mkono.

Moyo wake ukatulia. Si ameshasema anakuja? Akangoja. Jua likampiga utosini, koo likakauka. Kunguru akatua karibu, akawa anautazama ule mguu. Aliyetokea mwishowe hakuwa mume. Alikuwa mama mkwe, anahema, kanga imechanwa na miiba, mtaimbo mkononi.

"Mama! Mwanao yuko wapi?"

"Nimemkuta anakula. Namuuliza, mkeo yuko wapi? Ananiambia, 'Yuko kilimani, nimeshamwambia nakuja.' Ameshamwambia!" Mama akauchomeka mtaimbo chini ya jiwe kwa hasira. "Vuta mguu! Dada yangu alivunjika kiuno hapa hapa. Kila aliyepita chini alimwitikia 'nakuja', akaenda zake. Tulipomfikia alikuwa ameshakufa, macho yake bado yanatazama njia."

Bibi harusi akaganda. Mguu umeshatoka, lakini hakuusikia. "Kumbe hilo 'nakuja' la kilima hakulisema yeye?"

"Yeye alisema nisaidieni. Nakuja ni neno la kijiji."

Ndugu zangu, mmeshtuka? Mimi na wewe tunalisema neno hilo lini? Si wakati tumeshampa mtu mgongo? Mgonjwa tunamwambia, "Nakuja kukuona." Mjane tunamwambia, "Nakuja, tutaongea." Wala hatuna nia ya kudanganya. Yule mume hakuwa mwongo. Alishaona amefika, kwa kuwa ulimi wake ulifika. Basi akanawa mikono, akala.

Jina la yule dada hakuna anayelikumbuka. Kilima hakikupewa jina lake, wala kilio chake. Kilipewa jibu letu, na watoto wetu wanalichezea.

Sasa hivi, tukiwa tumekaa hapa, kuna mtu ametulia anatazama njia kwa sababu ulimwitikia. Unamjua. Usimwambie tena kitu. Inuka, uende.