Moto Uliowahi Katika Pikipiki ya Mzee Kirumbe

Sogezeni viti karibu. Ninayowasimulia yana swali ndani yake, na jibu mimi sinalo.

Huko Usangi, kwenye milima ya Upare, walikuwapo mafundi watatu. Mchome, fundi wa magari, alijaliwa sikio: gari likipita barabarani naye yuko nyumbani anakunywa chai, alikwambia linaumwa wapi. Namsifu, mama aliyekuwa fundi wa cherehani, alijaliwa mkono: akigusa chuma kwa ncha za vidole alijua kimechoka au bado kina nguvu. Hoseni, fundi wa redio, alijaliwa jicho: aliona mkwaruzo ambao wengine waliuona kwa kioo cha kukuzia tu.

Tena alikuwapo Mzee Kirumbe, bwana mifugo mstaafu, na chake yeye kilikuwa kushuku. Alishuku mizani ya dukani, alishuku salamu ikiwa ndefu. Alikuwa na pikipiki kuukuu ya Kiingereza, aliyoipanda tangu ujana akizunguka vijijini kuchanja ng'ombe. Wote watatu walikwisha kuigusa: Mchome aliwahi kubadilisha cheni, Namsifu alishona kiti, Hoseni alitengeneza taa.

Asubuhi moja Mzee Kirumbe alipiga kiki. Badala ya kuwaka, injini iliirudisha kiki kwa nguvu ikamvunja kifundo cha mguu. Kitandani hospitalini akakumbuka kwamba kwa muda pikipiki ilikuwa ikichemka na kugonga kila ilipopanda mlima. Akaamini kuna mtu ameichezea. Aliyemshuku zaidi ni Hoseni, kwa kuwa fundi huyo aliwahi kumwomba amuuzie pikipiki hiyo. Akalisema jambo hilo sokoni, mbele ya watu, na watu wakaanza kuchukua redio zao kutoka kwa Hoseni, moja moja, bila maelezo.

Mguu uliunga vibaya, na daktari akamwambia hatapanda pikipiki tena. Ndipo akatangaza kwamba atakayeiwezesha kupanda mlima mpaka kanisani bila kugonga, itakuwa yake. Lakini moyoni ulikuwa mtego. Aliwaza kwamba aliyeiharibu ndiye atakayejua upesi pa kuiponyea. Akaweka kiti uani, akakaa na fimbo yake, akiangalia mikono ya watu.

Wa kwanza kati ya wale watatu alikuwa Mchome. Kabla yake watu wengine walikuwa wameshasafisha kabureta mpaka ikang'aa, bila faida. Yeye aliiwasha kwa tahadhari, akaipandisha mwinuko wa kwanza, akasikiliza kule kugonga kama kokoto kwenye sufuria, akarudi.

"Petroli haina kosa," akasema. "Moto unawahi. Pistoni haijafika juu, cheche imeshapigwa. Ndiyo maana ilikuvunja mguu, mzee."

Akakisogeza nyuma kidogo kile kisahani kilichobeba platini, vidomo vya chuma vinavyofunguka ili cheche ipigwe. Kiki ikawa laini, lakini mlimani pikipiki haikuwa na nguvu, ikajivuta kama mbuzi anayekataa kamba. Akakirudisha mbele, kugonga kukarudi. Akakiri kwamba ugonjwa ameutaja, dawa hana. Mzee Kirumbe akajiambia kuwa huyu amejua mapema mno.

Namsifu akaomba kushika. Nyuma ya platini kuna vyuma viwili vidogo ambavyo injini ikienda kasi hufunguka ili kuwahisha moto, na springi mbili huvirudisha injini ikipunguza. Alivisukuma kwa kidole. Vilifunguka, havikurudi. Springi moja ilikuwa imelegea, kwa hiyo moto uliwahi hata injini ikienda taratibu.

Mzee Kirumbe akauliza kwa ukali ni nani aliyeivuta. Namsifu akamwekea kiganjani.

"Shika mwenyewe, baba. Hii haikuvutwa na mtu. Imezeeka."

Mzee akaigeuza huku na huku akitafuta alama ya koleo, asiione. Hata hivyo akamtazama Namsifu kwa jicho la pembeni. Mama huyo akasokota springi nyingine kwa waya mwembamba, akaijaribu mpaka zote mbili zikavuta sawa. Lakini kisahani kilikuwa kimesogezwa sana, na mahali pake pa asili hakuna aliyepajua. Injini ikakohoa tu, ikakataa kuwaka.

Hoseni hakuwa amekuja. Mchome ndiye aliyemfuata. Hoseni akaingia uani, akasema shikamoo, akajibiwa kwa kuguna, akainama kazini. Pale ambapo wenzake waliona chuma kichafu, yeye aliona duara hafifu lililoachwa na kichwa cha skrubu iliyokaa mahali pamoja miaka mingi. Akakirudisha kisahani juu ya duara hilo. Kisha akatumbukiza spoku ya baiskeli tunduni mwa plagi ili ajue pistoni imefika wapi, akafunga balbu ndogo kwenye platini, akazungusha injini polepole. Balbu ikabadilika mwanga, ishara kwamba platini imefunguka, wakati pistoni inakaribia juu, palepale ilipotakiwa.

Mchome akaipanda. Pikipiki ikapanda mlima mpaka kanisani, na uani Mzee Kirumbe akausikia mlio wake wa zamani, mzito, bila kugonga hata kidogo. Macho yakamlowa. Mchome aliporudi, mzee alimtafuta mbaya wake katika nyuso zile tatu, hakumwona.

Mchome akadai kwamba bila yeye wangekuwa bado wanaosha kabureta. Namsifu akajibu kwamba kutaja ugonjwa si kuponya, na kilichokufa amekifufua yeye.

"Mliiacha haiwaki," akasema Hoseni. "Nami nimeiwasha kwa mtu aliyenichafulia jina sokoni."

Mzee Kirumbe akainamisha kichwa. Akimpa Hoseni, watu watasema anajinunulia msamaha, na wawili wale watakuwa wamedhulumiwa. Akimnyima, watasema bado anamshuku.

Pikipiki ni moja. Basi nanyi mliosikiliza mwanzo hadi mwisho, mngemkabidhi nani, na mngewaambia nini wale wawili watakaorudi nyumbani kwa miguu?